Kutoka Sahani hadi Mweko: Historia Fupi ya Hifadhi ya Kompyuta Mpakato na Tatizo la Jina Lake

Katika kazi ya kuunda istilahi hutokea mara nyingi kwamba kitu hubadilika na jina lake likabaki. Abiria apandaye treni ya Morogoro pale Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2024 huendeshwa kwa umeme, aweza kuiita garimoshi na asikose behewa lake wala asishuke kituo kisicho chake. Neno simu, ambalo katika asili yake ya Kiajemi lina maana ya waya, leo ni jina la chombo tunachokitia mfukoni bila waya wowote. Majina ya namna hii hayamdhuru mtu, na mtaalamu wa istilahi anayetaka kuyasahihisha atakuwa anatafuta kazi mahali pasipo na kazi. Makala haya yanahusu jina la aina nyingine. Ni jina ambalo lilikuwa sahihi, kisha likawa si sahihi lakini halina madhara, na sasa, kwa maoni yetu, limeanza kuwapotosha watu katika mambo ya kutenda. Jina hilo ni diski.

Tendo lenyewe ni la kawaida. Mtu ana kompyuta mpakato iliyochoka, ambayo huchukua dakika kadhaa kuamka. Anaipeleka kwa fundi. Fundi hunakili kwanza yaliyomo, hulegeza skrubu chache chini ya kompyuta, huchomoa kijisanduku cha chuma chenye upana wa sentimeta saba hivi, kisha huchomeka mahali pale pale kijisanduku kingine chenye upana ule ule na soketi ile ile. Kompyuta ikiwashwa, huwa kama imezaliwa upya. Mwenye mali akiulizwa amefanya nini, hujibu kwamba amebadilisha diski, na karani wa ofisi akijaza daftari la vifaa huandika: “Diski, gigabaiti 256”. Lakini ndani ya kijisanduku kile kipya hamna diski. Hamna kitu cha mviringo, hamna kinachozunguka, wala hamna sumaku. Ili tuelewe jinsi jina lilivyohama kutoka kifaa kimoja hadi kingine kisichofanana nacho, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, iliyotengenezwa San Jose, California, na kikundi kilichoongozwa na Reynold Johnson. Hifadhi ya mashine hiyo ilikuwa kabati zima lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 za chuma, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, zimepakwa rangi yenye chembe za sumaku, nazo zikizunguka mara 1200 kwa dakika. Uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni tano tu. Hata hivyo hayo yalikuwa mapinduzi, kwa sababu hapo kabla mtu aliyetaka habari iliyo katikati ya mkanda au ya rundo la kadi zilizotobolewa hakuwa na njia ila kupitia zote zilizotangulia. Sasa mkono wa mashine uliweza kwenda moja kwa moja kwenye sahani na mahali panapotakiwa, kwa muda usiofika sekunde moja.

Hapa yafaa tutue kidogo kwenye majina. Sahani hizo hazikuitwa ngumu hapo mwanzo, maana hazikuwapo nyingine za kuzitofautisha nazo. Sifa ya ugumu ilizaliwa baada ya mwaka 1971, diski laini za plastiki zilipoingia sokoni. Kabla ya hapo diski ilikuwa diski. Mwaka 1973 IBM walitoa mtambo ambao sahani zake na vichwa vya kusomea vilifungiwa pamoja katika chombo kimoja kisichopenyeza vumbi. Kwa kuwa mpango wa awali ulikuwa wa sehemu mbili zenye megabaiti 30 kila moja, mhandisi Kenneth Haughton aliupa mtambo jina la utani Winchester, kwa kukumbuka bunduki ya 30-30. Mtambo uliotoka kiwandani haukuwa na vipimo hivyo, ila jina lilikwisha kushika. Warusi hadi leo wanaiita diski ya kompyuta kwa jina hilo la bunduki, na hatujasikia kwamba kuna Mrusi aliyejeruhiwa.

Kiswahili kiliingia katika jambo hili kwa mlango wa ofisi. Serikali ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo nchini. Kwa miaka mingi, basi, wasemaji wengi wa Kiswahili walilijua neno kompyuta bila kukijua chombo, sembuse viungo vyake. Marufuku ilipolegezwa na kompyuta ndogo zilipoenea, viungo viliingia pamoja na majina yake, na kazi yetu ikawa kutohoa au kutafsiri kwa haraka. Lugha ilikuwa na neno sahani, ambalo wazee walilitumia kwa sahani za santuri, nalo lingefaa sana. Lakini diski ilikuwa imekwisha kutua midomoni mwa mafundi. Waliojaribu kutafsiri sifa yake neno kwa neno walipata “diski ngumu”, istilahi ambayo mwanafunzi mgeni aweza kudhani ni diski isiyoeleweka kwa urahisi. Ndipo “diski kuu” ilipopata nguvu, nasi tunaiona kuwa ni bora zaidi, kwa kuwa hutaja cheo cha kifaa badala ya ugumu wa bati lake.

Majina hayo yalikomaa katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam ulitoa programu za kazi za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, na makampuni makubwa yalikuwa nayo yakitayarisha ya kwao. Vitabu vya shule vilifuata. Wakati huo karibu kila kompyuta iliyokuwa juu ya meza au juu ya paja ilikuwa na sahani inayozunguka ndani yake. Watunga istilahi waliangalia kitu, wakakipa jina la kitu kile. Hawakuweza kujua kwamba miaka miwili tu baadaye kitu kingeanza kuondolewa.

Kilichokuja kukiondoa kilikuwa kimezaliwa zamani, tena mahali pengine kabisa. Katika kampuni ya Toshiba ya Japani, mhandisi Fujio Masuoka alishughulika na tatizo la chipu za kumbukumbu zisizopoteza habari umeme ukatikapo. Zilikuwapo chipu za aina hiyo ambazo zilifutwa kwa kuangazwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha cha kioo, kazi iliyochukua dakika nyingi. Zilikuwapo pia nyingine zilizofutwa kwa umeme, herufi baada ya herufi, ambazo zilikuwa ghali kwa sababu kila seli ilihitaji vifaa vingi vya kuisimamia. Masuoka alikubali kuacha uwezo wa kufuta herufi moja moja. Seli zake zingefutwa fungu zima kwa mpigo mmoja, na kwa kuacha huko seli ikawa ndogo na rahisi. Mwenzake, Shoji Ariizumi, aliona kwamba ufutaji ule wa ghafla unafanana na mwako wa taa ya kamera, akapendekeza jina ambalo kwa Kiswahili tunalipa neno mweko. Uvumbuzi ulitangazwa kwa wataalamu mwaka 1984, na aina yake iliyokuja kutawala hifadhi ikafuata mwaka 1987.

Tunawaomba wasomaji wauzingatie ukweli huu, kwa kuwa ndio ufunguo wa yote yanayofuata: jina la kifaa hiki halikutokana na kuhifadhi. Lilitokana na kufuta. Sikio la Mswahili linaposikia “mweko” huelekea kusikia pia “kuweka”, na bahati hiyo ni nzuri kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wakumbuke. Lakini sifa iliyowashangaza Wajapani wale ni kwamba maandishi ya fungu zima hutoweka kwa pamoja, na kwamba hakuna njia ya kufuta sehemu yake pekee.

Mwaka 1988 diski za sumaku zilikuwa zimepunguzwa hadi upana wa inchi mbili na nusu, ukubwa uliofaa kompyuta za kupakata. Diski hizo ziliibeba kompyuta mpakato kwa karibu miaka ishirini, ila hazikuwa na amani humo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka, kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele, na chombo kinachobebwa ndani ya mabasi katika barabara zetu hakikosi kutikiswa. Aidha, hata isipotikiswa, diski ya mizunguko 5400 kwa dakika hupoteza wastani wa milisekunde tano na nusu ikingoja mahali panapotakiwa papite chini ya kichwa, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea. Hifadhi ya mweko haina cha kungoja. Hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Kompyuta inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo mteja wa fundi anapoona muujiza wake.

Kizuizi kilikuwa bei. Mwaka 1991 kampuni changa ya Marekani iliiuzia IBM hifadhi ya mweko ya megabaiti 20, iliyoundwa kwa umbo la diski ya inchi mbili na nusu, kwa bei ya dola 1000 hivi. Kampuni hiyo ilijiita SunDisk, baadaye SanDisk: yaani hata waliokuja kuiua diski waliona ni lazima wavae jina lake. Mwaka 2006 Samsung waliuza nchini Korea kompyuta mpakato yenye gigabaiti 32 za mweko. Mwaka 2008 Apple walipotoa kompyuta yao nyembamba, aliyetaka gigabaiti 64 za mweko badala ya diski alilipa nyongeza ya dola 999, na mwaka huo huo Intel walileta hifadhi ya gigabaiti 80 ambayo mtu wa kawaida aliweza kuichomeka mwenyewe katika kompyuta aliyokuwa nayo. Tangu hapo bei iliporomoka, na kompyuta mpakato mpya zenye sahani zikawa chache mwaka hata mwaka.

Sasa twaweza kueleza kwa nini jina halikubadilika. Watengenezaji walitaka kifaa kipya kikubalike katika kompyuta za zamani, kwa hiyo walikifunza kuiga. Ndani yake mna kidhibiti, kompyuta ndogo hasa, ambacho kazi yake ni kuiambia kompyuta kubwa: mimi ni diski, nina sehemu zenye namba kuanzia sifuri hadi mwisho, niandikie unapotaka. Kompyuta inaamini. Kumbe nyuma ya pazia mambo ni tofauti kabisa. Mtumishi wa serikali ataelewa kwa mfano wa karani anayetunza daftari ambalo haruhusiwi kufuta mstari wala ukurasa, bali kitabu kizima tu. Akiletewa sahihisho la ukurasa wa saba, huliandika katika ukurasa mtupu wa kitabu kingine, kisha hubadilisha faharasa ili anayeuliza ukurasa wa saba aonyeshwa huo mpya. Ukurasa wa zamani unabaki pale ulipokuwa, umeandikwa vile vile, ila hautajwi tena. Siku vitabu vikijaa kurasa zisizotajwa, karani huhamisha zile zilizo hai na kukifuta kitabu kizima. Tena hugawa kazi sawasawa kati ya vitabu vyote, kwa kuwa kila kufuta huchakaza seli. Seli za mwanzo zilikadiriwa kuvumilia kufutwa mara 100,000 hivi, na zilizofuata, ambazo hubana biti nyingi katika seli moja, huvumilia mara chache zaidi kwa mbali.

Hapa ndipo jina linapoacha kuwa jambo la wanaisimu peke yao. Tumewahi kuletewa, kwa ajili ya kusahihishwa lugha, rasimu ya mwongozo wa ofisi moja kuhusu kompyuta chakavu zinazopelekwa mnadani. Kiswahili chake kilikuwa safi. Kifungu kimoja kiliagiza kwamba “diski zote” zipitishwe kwenye mashine ya sumaku kali kabla ya kuuzwa. Kingine kwamba majalada ya siri yafutwe moja moja kwa kuandikwa juu mara tatu. Orodha iliyoambatishwa ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kompyuta hizo zilikuwa na hifadhi ya mweko, nayo safu yake ya daftari ilisomeka “Diski”. Mwandishi wa mwongozo hakuwa mzembe. Alikwenda palipoandikwa diski, akaandika yafaayo kwa diski.

Sumaku haiwezi kuifanya hifadhi ya mweko lolote, kwa sababu humo habari ni chaji za umeme zilizonaswa ndani ya seli, wala si mielekeo ya chembe za sumaku. Mfanyakazi angeipitisha kwenye mashine, angetia saini kwamba imefutwa, na mnunuzi angeenda nyumbani na majalada yote. Kuhusu kuandika juu, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapa matokeo ya majaribio yao: mbinu zote za kufuta faili moja moja zilizotungwa kwa ajili ya diski zilishindwa katika hifadhi ya mweko, na hata kuiandika juu hifadhi nzima mara mbili kulitosha mara nyingi lakini si mara zote. Msomaji aliyemwelewa karani wetu wa daftari hatashangaa. Kuandika juu, katika hifadhi ya mweko, ni kuandika pengine.

Kuna na upande wa pili, ambao ni wa kutunza. Diski ya sumaku iliyowekwa kabatini huweza kukaa miaka na maandishi yake. Chaji zilizonaswa katika seli huvuja polepole, na joto huharakisha kuvuja huko. Kanuni ya kiwanda iliyotolewa mwaka 2010 inataka hifadhi ya mweko ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imekwisha kutumika hadi kikomo cha uandishi wake, iweze kukaa bila umeme kwa mwaka mmoja katika nyuzi 30. Iliyo mpya hukaa muda mrefu zaidi ya huo. Hata hivyo ofisi inayofungia nakala za akiba katika stoo yenye joto, kwa imani kwamba “diski haiozi”, inategemea methali ya kifaa kingine. Na kuna jambo dogo la tatu: zile programu za kupanga upya vipande vya faili, ambazo walimu wa kompyuta walizoea kuzifundisha kama usafi wa kila mwezi, zilikuwa dawa ya kichwa kinachohangaika juu ya sahani. Kwenye mweko hazina faida ya maana, na huongeza kuchakaa.

Tuseme nini, basi, kuhusu majina? Wako waliopendekeza kutafsiri jina la Kiingereza kama lilivyo, wakapata “kiendeshi cha hali mango”. Sisi hatuliungi mkono. Hakuna kinachoendeshwa humo, kwa maana hata Waingereza wamelibeba neno hilo kutoka mashine zenye mota. Na hali mango, sifa iliyotungwa zamani ili kutofautisha vifaa vya nusukipitishi na vile vya balbu zisizo na hewa, haimwambii Mswahili lolote, maana sahani ya chuma ni mango pia. Kutafsiri jina hilo ni kurithi makosa mawili ya wenzetu kwa gharama ya maneno matatu. “Esesidi” ya mafundi ni afadhali, kwa kuwa ni fupi na haidanganyi. Upungufu wake ni kwamba haina maana kwa asiyeijua.

Wengine wangependa tuseme “kumbukumbu”, na kwa kweli katika maduka ya simu ndivyo isemwavyo: memori. Lakini kumbukumbu tumekwisha kuipa kazi ya ile sehemu inayosahau yote umeme ukatikapo, na katika ofisi za serikali neno hilo lina maana ya majalada yenyewe. Kulipa kazi ya tatu ni kulionea.

Tunapendekeza kwamba jina la cheo liwe “hifadhi kuu”, na chini yake kuwe na aina mbili: “diski sumaku” na “hifadhi mweko”. Tunajua kwamba hifadhi ni pia Serengeti na Mikumi, lakini hatudhani kuna atakayetafuta tembo katika kompyuta mpakato. Kile kijiti cha mfukoni kinachoitwa “diski mweko” tusikiguse, maana neno mweko limo ndani yake nalo linatosha kuonya. Wala hatukusudii kumkataza mtu kumwambia fundi wake ambadilishie diski. Fundi anajua cha kufanya, kama vile mkata tiketi anavyojua garimoshi ni lipi.

Tunachoomba kinahusu maandishi yenye nguvu ya kuagiza: miongozo, mikataba ya ununuzi, madaftari ya vifaa na mitihani. Mtafsiri akikuta neno la Kiingereza lenye maana ya diski katika maandishi ya baada ya mwaka 2008 hivi, aulize kwanza kama kinachosemwa ni sahani au ni cheo, kabla ya kuandika neno. Katika ile rasimu tuliyoitaja, pendekezo letu lilikuwa kuigawa safu ya “Diski” katika daftari iwe safu mbili, “Hifadhi kuu: ukubwa” na “Hifadhi kuu: aina (sumaku au mweko)”, na kukiandika upya kifungu cha ufutaji hivi: “Diski sumaku ipitishwe kwenye mashine ya sumaku au itobolewe sahani zake. Hifadhi mweko isimbwe kwa ufunguo tangu siku ya kwanza ya matumizi, na ufunguo huo uharibiwe siku ya kuiondoa. Ambayo haikusimbwa, chipu zake zote zivunjwe.” Kifungu kilirefuka kwa mistari miwili. Safu ya aina ilimlazimu karani azifungue kompyuta mbili tatu ambazo hakuna aliyekumbuka ndani yake mna nini.